Kabla Zege Halijamwagwa

Jumamosi moja, miaka kadhaa iliyopita, nilipanda ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi tulilokuwa tunalijenga Dar es Salaam, nikamkuta fundi bomba wetu amechuchumaa, chaki mkononi, anaitazama sakafu kama mtu anayetafuta pesa iliyomdondoka. Zege lile lilikuwa limemwagwa Alhamisi. Tulikuwa tumelifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji, naye alikuwa ameyafunua magunia mawili, akachora duara, akalifuta kwa kiganja, akachora jingine pembeni kidogo.

Nikamwamkia. Alikuwa mtu mzima, saiti nzima tulimwita Babu.

"Marahaba, Injinia. Hebu njoo. Bomba la maji ya mvua linapita wapi hapa?"

Nikakunjua michoro yangu. Kwenye mchoro wa mabomba, bomba la milimita 110 lilishuka kutoka kwenye paa, likapita kila ghorofa kando ya nguzo moja, mpaka kwenye tangi la chini ya maegesho. Kwenye mchoro wa nondo na zege, mahali palepale, palikuwa na mhimili, boriti ya zege inayobeba sakafu. Michoro yote miwili ilikuwa na mihuri na sahihi. Kila mmoja, ukiutazama peke yake, haukuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kuilaza mmoja juu ya mwingine.

"Mimi nililiona tangu Jumatatu," Babu akasema.

"Sasa mbona hukusema, Babu?"

"Nilisema. Nikaambiwa magari ya zege yameshaagizwa. Zege halilali."

Kila aliyewahi kukanyaga saiti Tanzania anaujua msemo huo. Zege likishachanganywa halingoji mtu, liwe jua, iwe usiku, litamwagwa. Ni kweli kabisa. Ila siku ile niliona jinsi ukweli huo unavyotumika vibaya: kwa sababu zege halilali, tunafanya kana kwamba na maswali yote yaliyolitangulia hayana haki ya kusubiriwa.

Mhimili hautobolewi ovyo. Ukikata nondo za mhimili umelidhoofisha jengo, na hakuna mhandisi mwenye akili timamu atakayekuruhusu. Ikabidi bomba lizungushwe nje ya jengo. Kulizungusha kulihitaji viungio vingi zaidi, mabano, rangi, na kibali cha mbunifu ambaye hakutaka bomba lionekane mbele ya jengo lake. Barua zikaenda, zikarudi. Wiki ya sita mwenye jengo akachoka. Akaamua mfumo wa kuvuna maji ya mvua uondolewe. Maji ya paani yakaelekezwa kwenye mtaro wa barabarani, mtaro ambao masika ukijaa hufurika hadi kwenye vibanda vya mama ntilie. Lile tangi la chini, la lita 60,000, lililochimbwa na kupigwa lipu kwa gharama kubwa, mpaka naondoka lilikuwa linajazwa maji ya kununua.

Hesabu ya mvua ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka, na paa letu lilikuwa na mita za mraba 500. Toa sehemu moja ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka, yanayokauka na yale ya kwanza ya kusafishia vumbi: unabaki na lita 440,000. Hayo ni maboza 44 ya lita 10,000 kila mwaka, yanakwenda mtaroni, kwa sababu ya tundu moja lenye upana wa kiganja.

Nimeanza na bomba hilo makusudi. Watu wakizungumzia majengo ya kijani huzungumzia vitu: paneli za sola, vioo maalumu, taa za LED, bustani juu ya paa. Jengo letu lilikuwa na vitu vingi vya aina hiyo kwenye karatasi. Kilichokosekana ni mpangilio wa nani anaongea na nani, lini, na nani ana haki ya kusema "simamisheni". Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuamini kwamba ubora wa jengo, umeme litakaoula na maji litakayoyapoteza kwa miaka hamsini ijayo, huamuliwa kwenye mpangilio huo, mara nyingi kabla hata ya koleo la kwanza kugusa ardhi.

Tazama tunavyofanya kwa kawaida. Mwenye mali humtafuta mbunifu majengo. Mbunifu huchora mpaka mteja atabasamu. Ndipo michoro humwendea mhandisi wa nguzo na mihimili, kisha mhandisi wa umeme, kisha wa maji na viyoyozi, kila mmoja ofisini kwake. Mkadiriaji majenzi huandaa BOQ, lile daftari nene la vipimo na bei. Zabuni hutangazwa, mkandarasi hupatikana, na mkandarasi huajiri mafundi. Fundi, ambaye mikono yake ndiyo itakayojenga, ni mtu wa mwisho kuuona mchoro. Msimamizi wa jengo, atakayeishi nalo kila siku, wakati huo hata hajaajiriwa.

Kikao ninachokikumbuka kwa uchungu zaidi kilikuwa cha kupunguza gharama. Zabuni zilirudi juu ya bajeti, tukakaa mezani na BOQ, mkadiriaji akiwa na kalamu nyekundu. Upande wa magharibi wa jengo mbunifu alikuwa ameweka mapezi ya zege, vikinga jua vilivyosimama wima nje ya madirisha. Kwenye daftari vilikuwa mstari mmoja wenye bei kubwa. Mtu akauliza, "Hivi ni vya urembo?" Mbunifu hakuwepo siku hiyo. Mhandisi wa viyoyozi hakuwa amealikwa. Kalamu ikapita.

Ningekuwa na ujasiri nilionao leo ningeinuka niwafanyie hesabu hii ubaoni. Upande wa kaskazini na kusini kwetu hausumbui sana, jua hupita juu mno, ukingo mfupi unatosha kukupa kivuli. Magharibi ni habari nyingine. Saa kumi alasiri jua limeshuka, linakupiga usoni, na kwenye anga safi kila mita ya mraba ya ukuta ulioelekea huko inaweza kupokea wati 550 hivi. Kioo cha kawaida hupitisha karibu asilimia 80 ya joto hilo. Kwa hiyo dirisha la mita za mraba 8 lisilo na kivuli huingiza ndani takriban kilowati 3.5. Kiyoyozi cha BTU 12,000, kile ambacho watu wengi hufunga chumbani, uwezo wake wote wa kupoza ni kilowati 3.5. Yaani chumba kimoja chenye dirisha hilo kinahitaji kiyoyozi kizima kwa ajili ya dirisha peke yake, kabla hujamhesabu mtu, kompyuta wala taa.

Vikinga jua vilipofutwa, hakuna aliyekwenda kurekebisha hesabu ya viyoyozi. Jengo lilipofunguliwa, wafanyakazi wa upande ule walifunika vioo kwa magazeti. Baadaye zikanunuliwa mashine za ziada, zikaning'inizwa ukutani, mahali palepale ambapo mapezi yangekaa. Pesa iliyookolewa kwenye kile kikao ilirudi kupitia mlango wa nyuma, na inaendelea kutoka kila mwezi kwenye luku.

Mfano wa kinyume ninaoupenda uko mbali, New York. Empire State Building, jengo la mwaka 1931 lenye ghorofa 102, lilitangaziwa ukarabati mkubwa wa nishati mwaka 2009. Wenye jengo walikuwa mbioni kugharamia mitambo mipya ya kupozea, mikubwa zaidi. Timu ya ukarabati, ambayo ndani yake alikuwemo mwenye jengo, wahandisi, wataalamu wa nishati na kampuni ya mitambo, ilikaa pamoja ikaanza upande mwingine: kwanza tupunguze joto linaloingia, kisha tuulize mitambo iwe mikubwa kiasi gani. Wakayachomoa madirisha 6,514, wakayapeleka kwenye karakana waliyoifungua humohumo ndani ya jengo, wakaongeza utando wa kuzuia joto kati ya vioo na gesi ya kuhami, wakayarudisha. Wakaweka vizuizi vya joto nyuma ya vipasha joto. Walipomaliza hesabu, ile mitambo mikubwa haikuhitajika tena, iliyokuwepo ilitosha ikifanyiwa matengenezo. Lengo lilikuwa kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38.

Kila kifaa walichokitumia kilikuwa kinauzwa sokoni. Ujuzi wao ulikuwa kwenye mfuatano: dirisha kwanza, mtambo baadaye. Sisi kwenye kile kikao tulifanya kinyumenyume.

Karibu zaidi na kwetu kuna Eastgate, jengo la ofisi na maduka Harare, lililofunguliwa mwaka 1996. Mbunifu wake, Mick Pearce, alifanya kazi na wahandisi wa kampuni ya Arup bega kwa bega, na jengo lile hupozwa bila kiyoyozi cha kawaida. Feni huvuta hewa baridi ya usiku ipite ndani ya sakafu nzito za zege, na mchana zege lile hunyonya joto la watu na mashine. Watu hupenda kusimulia habari ya kichuguu cha mchwa kilichompa mbunifu wazo. Mimi hunivutia zaidi kwamba kutokuwa na kiyoyozi lilikuwa sharti la mteja tangu siku ya kwanza. Sharti likiwekwa siku ya kwanza, mbunifu na mhandisi hawana budi kukaa meza moja, kwa sababu sakafu inakuwa sehemu ya mfumo wa hewa na dirisha linakuwa sehemu ya hesabu ya joto.

Lakini tusiibebe Eastgate tukaitua Kariakoo. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku wake una ubaridi wa kweli. Pwani yetu usiku wa Februari hauna baridi ya kukopesha, na hewa imelowa. Hapa kinachosaidia ni kivuli na upepo unaopita moja kwa moja, kusi na kaskazi. Nimewahi kuona pendekezo la jengo la pwani lenye michoro ya kupoza zege usiku, limenakiliwa vizuri sana, na ningependa kujua kama mwandishi wake aliwahi kulala Dar es Salaam usiku umeme umekatika.

Walioijua pwani vizuri walijenga Lamu na Zanzibar. Vyumba vya nyumba za mawe za kale ni virefu na vyembamba, na wengi hudhani ni mtindo tu. Upana ule ulitoka kwenye boriti. Dari ilibebwa na magogo ya mikoko, na gogo la mkoko linaloweza kubeba sakafu ya mawe na chokaa haliendi mbali, mita mbili na nusu, tatu hivi. Mwashi alijua urefu wa boriti kabla hajachora mstari chini. Alijua chokaa itachomwa lini na itakaa muda gani kabla ya kutumika. Aliyebuni, aliyejenga na aliyejua mali inatoka wapi walikuwa mtu mmoja, au ndugu waliokula sahani moja. Sisi tumeigawanya kazi hiyo kwa watu ishirini wenye vyeti, jambo ambalo haliepukiki kwa jengo la ghorofa kumi, lakini hatukutengeneza kitu cha kuirudisha ile sahani moja.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikijaribu kuitengeneza, na nilipoanzia ni kwa Wamarekani wawili, Glenn Ballard na Greg Howell, walioanzisha Lean Construction Institute mwaka 1997. Waliazima fikra kutoka kwenye viwanda vya Toyota, lakini kilichonigusa ni kipimo chao rahisi. Walihesabu kazi zilizoahidiwa kufanyika wiki fulani saiti, wakahesabu ngapi zilikamilika kweli. Wastani ulikuwa karibu asilimia 54. Saiti zenye wataalamu na mashine, na karibu nusu ya ahadi za wiki zinaanguka! Dawa waliyoipendekeza ni kumpa nafasi ya kupanga yule wa mwisho kabisa kwenye mnyororo, anayeongoza kazi kwa mikono yake, na kumruhusu aahidi kile tu ambacho vizuizi vyake vimeondolewa.

Kwenye mradi wangu uliofuata tulibandika karatasi za manila ukuta mzima wa kontena la ofisi. Tulianzia mwisho. Niliandika kwenye karatasi ya mwisho kulia: "Mtu anavuta choo ghorofa ya nne, maji ya mvua yanatoka." Nikauliza, siku moja kabla ya hapo lazima nini kiwe kimekamilika? Fundi bomba akasema pampu iwe imejaribiwa. Na kabla ya pampu? Fundi umeme akasema waya wake uwe umefika, na waya haufiki kama ukuta umeshapigwa lipu. Tukarudi nyuma hivyo, karatasi kwa karatasi, mpaka tukafika kwenye tundu la sakafu ya kwanza. Tulikuwa na wiki tisa kabla ya zege lile. Fundi wa mbao akanyanyua mkono akasema yeye ndiye atakayeweka vipande vya bomba kwenye fomu, zile mbao za kumwagia zege, apewe tu vipimo.

Kizuizi kikubwa tulichokutana nacho ni neno. Neno lenyewe ni "hamna shida".

Uliza saiti yoyote: hii itakwisha Ijumaa? "Hamna shida, bosi." Saruji ipo? "Hamna shida." Ni neno la adabu. Fundi amefundishwa na maisha kwamba anayeleta shida ndiye anayeonekana kuwa shida, na kibarua kesho anaweza asiitwe. Kwa hiyo shida hukaa kimya mpaka Jumamosi, chini ya magunia yenye maji. Babu alikuwa mmoja wa wachache waliosema, na unajua alivyojibiwa.

Tulikubaliana kwamba kwenye kikao cha Jumatatu neno hilo halitumiki. Ukiulizwa, jibu ni "ndiyo, kwa sababu vitu vyangu vipo", au "hapana, mpaka nipate hiki". Ijumaa tulihesabu ahadi zilizotimia, na kwa zile zilizoanguka tuliandika sababu, sio jina. Wiki za mwanzo tulikuwa chini ya nusu. Sababu zilipoanza kujirudia tukaona picha: mara nyingi mafundi walikuwa tayari na sisi wa ofisini ndio tuliokuwa hatujatoa jibu. Kuna wiki sababu nne kati ya sita zilikuwa zangu. Nilizisoma mbele yao, na baada ya hapo watu walianza kusema "hapana" bila kunitazama kwa wasiwasi.

Upotevu ulipungua kwa namna ambayo sikuitegemea. Ukuta usiovunjwa hauhitaji matofali mengine. Uzalishaji wa saruji hutoa sehemu kubwa ya hewa ya ukaa inayotolewa na viwanda duniani, na sisi tulikuwa tunamwaga, tunavunja, tunamwaga tena, halafu tunaandika "rafiki wa mazingira" kwenye bango la getini.

Makabidhiano nayo. Jengo lile la kwanza lilikabidhiwa kwa utepe, soda na mafaili manne ambayo yaliwekwa kabatini. Kwenye korido kulikuwa na taa zinazojizima zenyewe zisipoona mtu. Miezi michache baadaye nilipita nikakuta kila kihisi kimefunikwa kwa selotepu. Nikamuuliza dada anayefanya usafi. Akasema taa zilikuwa zinamzimikia katikati ya kupiga deki, akateleza mara mbili, akapanda juu ya ndoo akaziba. Nyuma ya kihisi kulikuwa na kitufe kidogo cha kuongeza dakika. Kilikuwa kama kilivyotoka kiwandani. Hakuna aliyemwonyesha yeyote, na yule dada alifanya lililo sawa kwa usalama wake.

Ndiyo maana nathamini vyeti vinavyomlazimisha mtu arudi kutazama. LEED, cheti cha Kimarekani cha majengo ya kijani, inataka mifumo ya nishati ijaribiwe na kuthibitishwa kabla ya kukabidhi. EDGE, cheti cha IFC, tawi la Benki ya Dunia, kinachotaka punguzo la angalau asilimia 20 kwenye nishati, maji na athari za vifaa vya ujenzi, hutoa cheti cha awali kwa michoro, lakini cha mwisho hakipatikani mpaka jengo lenyewe likaguliwe. Ningeongeza kwa pwani yetu: rudi wakati wa masika uone maji yanapita wapi, rudi tena Februari uone ofisi ipi imebandikwa magazeti dirishani. Na iandikwe kwenye mkataba na ilipiwe, maana kurudi bure hakuna anayerudi.

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha kwanza cha jengo jipya, bado ni michoro tu. Kwa mara ya kwanza nilifanikiwa kumshawishi mteja amwite mtu atakayelihudumia: fundi anayetunza pampu na mabomba kwenye jengo lake jingine, hapohapo mjini. Alikaa kimya karibu saa nzima, kofia yake juu ya goti. Tulipofika kwenye chumba cha pampu akaomba kuuona mchoro karibu. Akauwekea kidole.

"Samahani wakubwa. Hili chujio nitalitoaje nilisafishe? Mkono wangu hauingii hapa, ukuta huu umelibana."

Mbunifu akainama, akatazama, akapima kwa rula. Akauhamisha ukuta sentimita sitini kushoto. Ilimchukua chini ya dakika moja, na yule fundi akauliza kama anaweza kuuona na mchoro wa paa.